Viti vya Wageni wa Bibi Funguo

Mwandishi wa matamko katika Wizara ya Mambo ya Nje alizoea kuandika kwa ukali wa ziada, kwa sababu kila meza iliyopitiwa na tamko kabla ya kufika kwa waziri ilipunguza neno moja kali. Jumatatu ile hakuandika hata neno moja kali. Binti yake, mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa amekwama katika mji uliokuwa ukipigwa mabomu, na serikali iliyoupiga ndiyo iliyopaswa kuruhusu ndege ya kuwachukua wanafunzi. Wakubwa walipokosa cha kupunguza, waliongeza salamu za heri.

Ndege iliruhusiwa. Binti alifika amekonda, lakini mzima. Baba mtu alilia uwanjani bila kujificha.

Asubuhi iliyofuata, mwanamke aliyemficha binti katika ghala la chini ya nyumba yake alikuja kunywa chai. Wanafunzi walimwita Bibi Funguo. Alikuwa amekufa siku ileile ya ndege, nyumba ilipomwangukia. Alijikung'uta vumbi la saruji mlangoni, akaketi na funguo zake zote mapajani.

"Chai yenu nyepesi, mwanangu," alimwambia mke wa mwandishi.

"Bibi anaipenda nyeusi kama lami," binti alisema.

"Nitaongeza majani, mama. Umenifichia mtoto, nikunyime majani?"

Mwandishi alimshika mikono yote miwili. "Ahsante, mama. Sina cha kukulipa."

"Alikuwa ananifulia. Tumelipana." Bibi Funguo alipuliza chai. "Na vita vyetu, mmevisemeaje?"

"Tumezitaka pande zote zijizuie."

"Mimi, upande wangu, nilikuwa napika."

Mwandishi alimsogezea sukari. Kisha akamweleza kwamba wanafunzi wengine walikuwa bado kule, wakisubiri ndege ya pili.

Bibi Funguo alifikiri kidogo. "Basi watoeni kwanza. Wale nao wana mama zao."

Mkewe alifagia vumbi, naye mwandishi akaenda kazini kuandika kwamba serikali inafuatilia hali ilivyo.

Ndege ya pili ilitua salama. Kesho yake, wale waliowaficha wanafunzi hao walianza kuingia, wakijikung'uta mlangoni. Bibi Funguo alisogea kumpisha mzee mmoja aketi. Mwandishi aliwashukuru mmoja mmoja, akawamiminia chai nyeusi, akafunga tai. Alipotoka, mkewe alikuwa kwa jirani, akiazima viti.