Kamba ya Ng'ombe

Wiki ya tatu sasa Suzana alikuwa akikuta punje za kahawa mfukoni mwa shati la mumewe, na kila alipozikuta moyo ulimchemka. Masalu ni Msukuma wa Sengerema. Tangu azaliwe hajawahi kutafuna kahawa. Watafunaji ni Wahaya, na Mhaya aliyekuwa karibu na Masalu siku hizi ni mmoja tu: Jovina, mjane wa Buswelu ambaye bado alikuwa anapendeza, na ambaye Masalu alimfyekea majani kila Jumamosi.

"Kiwanja gani hicho kisichoisha?" alimuuliza.

"Ni mteremko, mama Winnie. Mkali. Unafyekwa kidogo kidogo, umande ukishakauka."

Suzana alicheka bila furaha. Jumamosi hiyo akaona jambo lililommaliza uvumilivu. Masalu alichukua fyekeo, kisha akatia ndani ya kiroba kamba ya ng'ombe aliyoachiwa na marehemu baba yake, kamba ambayo Suzana hakuruhusiwa hata kuanikia nguo. Mali ya ukoo inapelekwa kwa mjane. Suzana alifunga genge lake la nyanya pale Mabatini, akajitanda khanga, akamfuata.

Nyumba ya Jovina ilikaa juu ya kilima, na nyuma yake ardhi iliporomoka ghafla hadi kwenye korongo la mawe. Suzana aliuzunguka ukuta kimyakimya, tayari kufumania. Akafumania kweli, ila si alichokitegemea. Masalu alikuwa katikati ya mteremko, majani yamemfika kiunoni, kamba ya ng'ombe imefungwa kifuani. Ilipanda hadi kwenye jiwe kubwa, ikalizunguka, na ncha yake ilikuwa mikononi mwa Jovina, aliyeketi akiwa amekita miguu. Masalu alifyeka kwa kukatiza mteremko, hakushuka moja kwa moja. Akifika mwisho aligeuka, na Jovina alimlegezea kidogo. Hawakusemezana.

Hicho ndicho kilichomchoma. Angewakuta wanacheka angejua la kusema. Lakini mumewe alikuwa ameuweka uhai wake mikononi mwa mwanamke mwingine, na wawili hao walielewana kwa kuvutana kamba tu. Yeye, miaka yote ya ndoa, hajapewa hata ncha.

"Masalu!" aliita kwa hasira.

Mtu aliye mteremkoni na fyekeo mkononi haitwi hivyo. Masalu aligeuka, mguu ukateleza, fyekeo likaruka likaenda zake bondeni, naye akalifuata. Kamba ilikaza, Jovina akavutwa mbele hadi magoti yakagonga jiwe. Suzana hakukumbuka tena wivu wala khanga iliyomdondoka. Aliidaka kamba nyuma ya mikono ya Jovina, akakita visigino, na wanawake wawili wakamvuta mwanamume mmoja hadi juu.

Masalu alijilaza chini. Jovina, bado anahema, alichota punje za kahawa kwenye kikopo akamwekea Masalu kiganjani.

"Karibu, dada," alimwambia Suzana. "Kwetu mgeni hupewa hii kwanza. Huyu nampa kila mara kabla hajashuka, imtulize, maana anaogopa. Siku ya kwanza alitapika. Kila wiki namwambia akulete wewe ushike, ona viganja vyangu vilivyochubuka. Anakataa."

Suzana alimgeukia mumewe. "Unakataa kwa nini?"

"Nyumbani unajua mimi siogopi kitu," Masalu alisema bila kumtazama. "Sikutaka ujue."

Suzana alitegemea moyo sasa utatulia. Haukutulia. Huyu mwanamke alikuwa amemwona Masalu akiogopa, jambo ambalo yeye hakuwahi kuonyeshwa, na hilo lilimuuma kuliko yote aliyoyawaza njiani.

Akaenda akaketi pale alipokuwa ameketi Jovina, akakita miguu, akaishika kamba. Kisha akanyoosha kiganja kimoja.

"Nipe na mimi hiyo kahawa."

Aliitia yote mdomoni. Ilikuwa chungu, machozi yakamlenga, lakini hakuitema. Jovina alisogea pembeni akijipangusa magoti.

"Haya, baba Winnie," Suzana alisema. "Kalichukue fyekeo lako. Ukiogopa, niambie mimi."