Habari ya Kapiri

Mzee Lusubilo alifariki alfajiri, nyumbani kwake Iyula, Mbozi. Kabla umande haujakauka kwenye mibuni, ukoo mzima ulikuwa na habari, isipokuwa mtu mmoja: Ambakisye, mwanawe wa kwanza, dereva wa lori, aliyekuwa mahali fulani ndani ya Zambia na simu yake haipatikani.

Katika ukoo ule mtoto wa kwanza ndiye anayetia udongo wa kwanza kaburini, kwa mkono wake. Akiwa mbali na akatuma neno, wanamngoja. Asipotuma neno, mdogo wake anatia badala yake, na tangu siku hiyo mambo yote ya nyumba ile anaulizwa huyo mdogo. Hakuna wa kugombana naye. Ndivyo ilivyo.

Restuta, mke wa Ambakisye, alikuwa Tunduma, mpakani, anafungasha nguo za watoto huku anapiga simu. Alipiga mpaka sikio likapata moto. Wifi yake Imelda alipomuuliza, "Sasa kaka atakuwa wapi?" alijibu bila kufikiri, "Sijui, wifi. Labda Kapiri, huko huko Zambia." Akaendelea kukunja nguo.

Saa sita mchana akapiga baba mdogo Osea, msemaji wa ukoo.

"Mama Angel, tumepata habari ya uhakika. Mumeo yuko Kapiri, kwa mwanamke. Kaambiwa msiba, kasema atakuja akipenda."

"Nani kamwona, baba?"

"Watu wamemwona."

"Watu hao wana majina?"

"Usinihoji kama polisi, mkwe wangu. Kesho saa nane tunazika. Ezron, mdogo wake, atatia udongo."

Wivu ulimpanda Restuta. Akauambia usubiri, kuna kazi. Akaanza kuifuata habari kinyumenyume. Osea aliipata kwa Moses wa kijiji cha Ruanda. Moses, alipopigiwa, akasema aliipata kwa shangazi Tulinagwe, kule Ileje. Shangazi akakiri kwamba habari ya mwanamke aliiongeza yeye. "Sasa mwanamume mzima atakaa Kapiri hivi hivi, anafanya nini?" Na ile ya atakuja akipenda? Hiyo haikuwa na mwenyewe, ilizaliwa njiani. Lakini habari ya Kapiri shangazi alikuwa ameisikia kwa Imelda.

Na Imelda?

"Mimi? Si wewe mwenyewe uliniambia, wifi?"

Restuta akaketi kitandani juu ya nguo alizokwisha kunja. Neno lake mwenyewe, lililomtoka asubuhi likiwa halina hata kandambili miguuni, lilikuwa limezunguka Mbozi na Ileje na kumrudia limevaa koti na tai. Na aliyekusudia kudanganya hakuwepo. Kila mmoja alilisikia tena na kwa wengine wawili watatu, akaona vinywa ni vingi, akaamini. Hakujua kwamba vinywa vyote vilikunywa kwenye kikombe kimoja. Ukoo ulikuwa kama chungu kilichofunikwa, kinachochemka humo kinanukia humo humo.

"Wapigiane mpaka Krismasi," akasema peke yake. "Hakuna anayejua kitu ambacho mwenzake hakijui."

Alihitaji mtu asiyemjua yeyote kati yao.

Watoto akawaacha kwa jirani, akapanda bodaboda mpaka kwenye foleni ya malori. Pale alikuwepo Nsajigwa, fundi wa matairi. Walijuana kwa salamu tu. Hata jina lake Restuta alilisoma kwenye kibao.

"Namtafuta dereva. Ambakisye Lusubilo."

"Simjui, mama."

"Mrefu, Mnyiha, ana pengo hapa mbele."

"Hapa kila mtu ana pengo. Na majina ya ubatizo mnayaacha kanisani. Gari lake limeandikwa nini nyuma?"

Restuta, pamoja na ndoa yake yote, ilibidi afikiri. "Limeandikwa Shemeji Tulia."

"Aaah! Shemeji Tulia!" Fundi akacheka mpaka akaweka nyundo chini. "Si ungesema! Ukoo wake siujui, lakini matairi yake nayajua yote. Ba Watson! Umepishana na Shemeji Tulia?"

Dereva Mzambia aliyekuwa anangoja tairi lake akatikisa kichwa. "Sikumwona. Lakini kuna mama anauza viazi Mpika, bamayo. Kila gari linasimama kwake." Bamayo kwao ni mama.

Namba ya mama huyo Watson alikuwa nayo kwa sababu aliwahi kumbebea gunia. Akapiga, wakaongea Kibemba. Mama wa viazi hakujua. Lakini alimjua kondakta wa basi, na kondakta alikuwa ameliona lori la buluu lenye maandishi hayo limekufa barabarani, na karibu na pale aliishi mchoma mkaa mwenye simu na baiskeli, ambaye kondakta humbebea magunia yake. Nsajigwa alikuwa bado hajamaliza lile tairi, simu ya Watson ikaita.

"Bamayo, ni yako."

"Restuta?" Alikuwa Ambakisye, hapana shaka. "Gia imekufa porini, na simu yangu iliingia maji. Kaja mtu na baiskeli, simjui, ananiuliza kama mimi ni Shemeji Tulia, ananipa simu. Umenipataje huku?"

"Baba amefariki," Restuta akasema. Hakujua namna nyingine ya kulisema. "Kesho saa nane wanazika. Mpigie baba mdogo mwenyewe, kwa simu hiyo hiyo, sasa hivi."

Akairudisha simu. Akaitazama foleni. Miaka yote aliiona kama vumbi na honi, kitu cha kukivuka haraka ukienda sokoni. Sasa aliogopa hata kuikanyaga. Kila aliyekuwa pale, mbadilisha fedha, muuza mayai, wakala wa forodha aliyebeba karatasi zake kwapani, alikuwa anamjua mtu ambaye huyu mwingine hamjui. Bila kujuana wote, walikuwa wameshikana mpaka porini ng'ambo ya mpaka, kwa gunia tu, kwa salamu tu. Na hakuna aliyewapanga.

Ambakisye alimpigia Osea, akaambiwa watamngoja, kisha akamwachia gari dereva mwenzake wa kampuni aliyepita pale. Akapanda lori la mafuta mpaka Isoka, na la mahindi mpaka Nakonde, kila dereva akimkabidhi kwa mwenzake kama kifurushi. Alifika Iyula jeneza liko juu ya kamba, linamngoja. Ezron akamwachia nafasi. Jeneza liliposhushwa, Ambakisye akapiga magoti, akatia udongo.

Nyuma yake, kofia mikononi, walisimama Nsajigwa na Watson, waliompokea mpakani. Osea aliita wa kutia udongo: watoto, wajukuu, wakwe, majirani na kanisa, mpaka akaishiwa. Akamwinamia Restuta.

"Mama Angel, hawa ni wa upande gani?"

"Hawana upande, baba. Hata wao hawajuani vizuri."

Mzee Osea, aliyejua jina la kila undugu, akatafuta jina la huu, asilipate. Akakohoa.

"Na hao," akasema kwa sauti kubwa, "hao waliotuletea mtoto. Waje."

Watson akainama, akachota udongo.