Meno ya Mbele ya Bwana Zeidler

Je, mtu alipwe kiasi gani ili akionee aibu kinywa chake mwenyewe? Asubuhi ile swali hilo nilikuwa nalo, jibu sikuwa nalo. Nilichokuwa nacho ni mama mjane na kodi ya nyumba yake, rupia tatu, iliyotakiwa kabla ya mwezi kwisha.

Nilikuwa nikifagia na kuchanganya plasta ya kuchukulia umbo la meno kwa Bwana Zeidler, tabibu wa meno aliyekodi chumba karibu na stesheni ya Dodoma mara tu reli ilipofika. Siku moja Mjerumani huyu msomi alisimama sokoni, akahesabu Wagogo arobaini wasio na meno mawili ya mbele ya chini, akatangaza kwamba amegundua ugonjwa. Hakumwuliza hata mmoja wao. Angeuliza, angeambiwa kwamba tunang'olewa utotoni kwa matakwa ya wazazi wetu, na kwamba kwetu kinywa kisicho na pengo ni cha punda. Yeye aliliuliza daftari lake tu: mpira mgumu, meno ya kauri na nauli ya meli, rupia tisa; bei ya kuuzia, rupia kumi na nane. Faida ya rupia tisa kwa kila kinywa! Akaagiza Ulaya meno ya watu sitini, yote ya mbele.

Miezi mitano ikapita bila kuuza hata jozi moja.

Siku hiyo aliingia mama Zipora, jirani yetu mchemsha chumvi, shavu limemvimba.

"Mbukwa, mwanangu," alinisalimu Kigogo. "Huyu Mdachi wako anauza nini?"

"Meno ya hapa mbele, mama."

"Ya hapa?" Alicheka hadi akalishika shavu. "Aliyening'oa haya, baba alimpa mbuzi mzima. Leo nimlipe mwingine ayarudishe? Mwulizeni magego! Yangu yameoza, nyama naimeza kama fisi."

Halfani, mkalimani wa mjini aliyeahidiwa hela chache kwa kila mteja, akauliza kwa Kijerumani, kisha akakuna kichwa.

"Anasema magego hana."

"Hata moja?"

"Hata moja, mama."

"Basi huko kwao alisomea vinywa vya nani?"

Bwana Zeidler alinigeukia, jozi ya meno mkononi. "Wewe vaa. Sokoni cheka. Watu ona, watu nunua. Kumi hapana uza, mshahara hapana."

"Vaa tu, dada Dorkasi," Halfani akanong'ona. "Kucheka kuna gharama gani?"

Kile kipande chekundu cha mpira kilikaa kiganjani mwa Bwana Zeidler kama ufizi wa maiti. Alikuwa amekosea yeye, na sasa alitaka kosa lake liwe ugonjwa wangu.

Nilivua aproni, nikaiweka mezani.

"Sivai, bwana," nilisema, wote watatu wakinisikia. "Wala sitamwambia Mgogo yeyote kwamba ana upungufu. Kazi naiacha leo. Mama Zipora, kesho nakwenda nawe kuchemsha chumvi. Nitaiuza, na kodi ya mama nitailipa kwa fedha hiyo."