Chumba cha Simu na Wimbo wa Magodoro

Waliokuwamo katika kikao cha alasiri ile walikuwa hawa: Mkuu wa maktaba, aliyekaa kichwani mwa meza, fundi wa kompyuta, ambaye ripoti yake ndiyo iliyowakutanisha, karani wa dawati la mbele, ambaye kila mtu alimwita Kasuku kwa sababu neno halikuwahi kulala mdomoni mwake, na mkatalogi, mwanamke wa makamo aliyeitunza katalogi ya mtandaoni tangu ilipoanzishwa. Wa tano hakualikwa. Alikuwa mama mkubwa wa mkatalogi, bibi ambaye macho yake yalikwisha kuingia ukungu, naye alikuwa ameketi dirishani na hedfoni masikioni. Ukumbi wa mikutano ulikuwa unapakwa rangi, kikao kikahamia chumba cha kusikilizia, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwinua mzee yule kwenye kiti chake cha kila Jumanne.

"Mwacheni," Mkuu alisema. "Hasikii tunayosema. Siri zetu ziko salama."

"Siri gani tena, Mkuu? Kwamba chai ya hapa ni maji yaliyopita karibu na majani?"

"Kasuku, funga mdomo. Fundi, endelea."

Fundi aliiangaza ripoti yake ukutani. Katalogi ile haikuorodhesha tu vitabu vilivyokuwa rafuni. Ilikuwa pia na viungo, yaani anwani ambazo msomaji akizibofya hupelekwa nje ya maktaba, mpaka kwenye kitabu, picha au sauti iliyohifadhiwa na watu wengine mahali pengine. Kila kiungo kilikuwa na kisanduku chake. Kilichofunguka kilipakwa kijani, kilichokataa kilipakwa nyekundu. Ukuta mzima ulikuwa kama shamba baada ya mvua, na vidoa vyekundu vilionekana hapa na pale tu.

"Programu inapita yenyewe kila mwezi," fundi alieleza. "Tukiiruhusu, nyekundu itazifuta yenyewe pia. Hakuna haja ya mtu kukaa kubofya siku nzima. Dada yetu hapa anaweza kuhamia dawati la mbele kuanzia Jumatatu."

"Karibu sana, dada," Kasuku alisema. "Kazi ni moja tu, kuwaambia watu choo kiko wapi."

Mkatalogi alitabasamu. Harufu ya rangi mbichi ilikuwa ikipenya chini ya mlango, feni ilizunguka kwa uvivu, na pazia lilijaa upepo na kunywea, likajaa na kunywea, kama kwamba nyuma yake kulikuwa na mtu aliyelala usingizi mwema. Macho ya mkatalogi yalitembea ukutani yakitafuta kisanduku kimoja. Kila ripoti ilipotoka, hicho ndicho alichokitafuta kabla ya vingine vyote. Akakipata. Kilikuwa cha kijani. Moyo ukatulia.

Nyuma ya kisanduku hicho kulikuwa na chumba. Zamani, watu walipokuwa hawawezi kupigiana simu bila kuunganishwa na mtu wa tatu, mama mkubwa na mdogo wake, ambaye ndiye mama mzazi wa mkatalogi, walifanya kazi bega kwa bega kwenye ubao wa kuunganishia simu. Makumbusho fulani ya simu yalirekodi kazi yao ya asubuhi moja, na miaka mingi baadaye yakaiweka sauti hiyo kwenye tovuti yake. Mkatalogi aliipata kwa bahati. Aliiandikia maelezo kwa uangalifu zaidi kuliko alivyowahi kuandikia kitabu chochote, akapachika kiungo, akavaa hedfoni. Aliposikia "Namba, tafadhali" ya kwanza, alizivua upesi kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaanza kung'oka meno ya utoto, na hakujua angefanya nini na sauti yake yote kwa mara moja.

Tangu hapo hakukifungua tena. Ilimtosha kujua kwamba ni cha kijani. Alikuwa kama mtu apitaye kila jioni mbele ya nyumba ya jamaa yake, akaona taa inawaka dirishani, akaenda zake ameridhika bila kubisha hodi. Mama mkubwa, yeye, alibisha kila Jumanne.

Sauti ya fundi iliendelea, ikawa ya mbali, ikawa sawa na ya feni. Kope za mkatalogi zikawa nzito. Akajiona anatembea ndani ya shamba lile la ukutani, na kila kisanduku kilikuwa mlango, na kila mlango ulikuwa wazi. Aliinama akaingia chini ya meza ndefu, mahali alipokuwa akichezea utotoni, ambapo nyaya zilining'inia kama mizizi. Aliona miguu miwili miwili. Kiatu kimoja kilikuwa kimevuliwa nusu, kikining'inia kwenye vidole na kubembea. Hicho alikijua. Juu yake, mtu alivuta pumzi ili aseme jambo.

Kilichotoka kilikuwa ni wimbo.

Akazinduka. Mama mkubwa alikuwa akiimba kwa pua, kwa sauti kubwa, kama wafanyavyo watu waliovaa hedfoni wasiojua kwamba dunia bado inawasikia. Ulikuwa wimbo wa kurukaruka, na kabla hajajizuia, Kasuku aliudaka na kuutia maneno:

"*Lala chali, lala ubavu, mgongo wako upate nguvu!*" Akanyamaza ghafla. "Jamani. Huo si wimbo wa magodoro? Ule wa redioni?"

Mkatalogi aliinuka, akazunguka meza, akaigeuza skrini ya kompyuta ya bibi iliyokuwa imeelekezwa dirishani. Palikuwa na magodoro. Mengine yalipangwa kwa ghorofa, mengine yalikunjwa kama chapati, na juu ya moja alilala mtu anayetabasamu kupita kiasi. Akamshika bibi begani taratibu.

"Mama mkubwa, unasikiliza nini?"

"Simu yetu," bibi alisema, akifunua sikio moja. "Ila siku hizi wamebadilisha, mwanangu. Muziki tu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Si ndivyo simu za sasa zilivyo? Unapiga, wanakuwekea wimbo, unaambiwa usubiri. Nami nikawa nasubiri." Akakunja uso kidogo. "Ingawa mama yako hakuwahi kukawia kujibu namna hii."

Kasuku alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mimi ndiye ninayemfungulia," alisema kwa sauti ndogo. "Nabofya, mtandao unavuta miguu, namvisha hedfoni, naenda zangu. Sikuwahi kusubiri nione kinachofunguka."

"Lakini ni cha kijani," fundi alisema, akitazama ukuta. "Anwani inafunguka. Programu inauliza tu, mlango unafunguka? Ukifunguka, inapita. Haiulizi ndani kuna nani." Alijisikia mwenyewe akiyasema hayo.

"Sisi tungefukuzwa kazi," mama mkubwa alisema, bila ubaya wowote, kama anayesimulia habari za hali ya hewa. "Ulikuwa unachomeka waya, unabaki kwenye laini, mpaka usikie hao wawili wanasemezana. Hapo ndipo unajitoa. Mama yako alikuwa hajitoi hata hapo. Mmbeya yule! Alisikiliza mpaka salamu za kuwasalimia mbuzi."

Mkuu alitazama saa, akamtazama mkatalogi. "Tukanywe chai," alisema. "Tukirudi tutakata shauri."

Wakatoka. Mkatalogi alibaki, akavuta kiti karibu na cha bibi. Kilichotokea hakikuwa kigumu kuelewa: makumbusho yalikuwa yamehama tovuti na kuiachia anwani yake ya zamani, na muuza magodoro akaichukua. Kilichokuwa kigumu ni kujua yalikohamia. Alichukua maneno yaleyale aliyoyaandika kwenye maelezo ya katalogi, akayatafuta mtandaoni moja baada ya jingine. Ukurasa wa kwanza ulidai nywila. Wa pili ulikuwa na picha tu ya chumba kitupu chenye ubao wa simu na kiti kilichosukumwa nyuma, na akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwishowe aliyapata makumbusho yale yakiwa yamemezwa na makumbusho makubwa zaidi, na katika pembe ya mwisho kabisa palikuwa na sauti iliyopewa jina lingine: "Asubuhi kazini." Huenda ndiyo, huenda siyo. Jina peke yake halikumwambia kitu, wala rangi isingemwambia.

"Umeipata?" bibi aliuliza.

"Sijui, mama mkubwa. Mpaka mtu asikilize."

"Basi lete. Kila mmoja na sikio lake."

Wakaegemeana vichwa, hedfoni moja kati yao. Mkatalogi alijikaza, akabofya. Kulikuwa na ukimya wenye mchakacho, kama mvua inayonyesha nyumba ya jirani. Kisha plagi ikaingia tundu lake. "Namba, tafadhali."

"Mimi huyo," bibi alinong'ona. "Sauti kama filimbi!"

Ikafuata sauti nyingine, nzito kidogo, yenye usingizi wa asubuhi ndani yake. Mkono wa mkatalogi ulipanda wenyewe kuelekea sikioni, kama zamani, ukafika nusu ya njia. Akaurudisha mapajani. Sauti ikaomba namba, ikarudia namba, ikaguna. Mtu upande wa pili alisema kitu kisichosikika, na mama yake akaanza kucheka, kicheko kilichoanza kama kikohozi kisha kikamwagika chumba kizima. Pazia lilijaa upepo. Kiti kilikwaruza sakafu, na kitu kidogo kikaanguka, to, kama kiatu. Mkatalogi alibaki kwenye laini. Alibaki mpaka mwisho, mpaka mama yake aliposema kwa upole, "Endelea, unaongea naye," na waya ukachomolewa.

Waliporudi, wenye vikombe mikononi, walimkuta bado ameegemeza kichwa kwenye bega la bibi, hedfoni imewaunganisha. Mkuu aliketi polepole mahali pake.

"Tulisema tukate shauri," alisema. "Una neno?"

Mkatalogi alifuta mashavu kwa kiganja, akasimama, akageukia ukuta uliokuwa ungali umejaa kijani.

"Ninalo, Mkuu. Kwa heshima zote, dawati la mbele siendi. Programu ya fundi na ibaki, itugongee milango. Lakini nyekundu isifutwe hata moja kabla sijaitafuta ilikohamia, na kila ya kijani nitaingia mwenyewe, nikae mpaka nisikie anayejibu ni yule tuliyemwahidi msomaji. Za sauti tutazisikiliza wawili, mimi na mama mkubwa. Tunaanza leo."