Kipindi cha Mwalimu Letisia

Mwalimu Letisia hakuogopa Kiingereza. Alichoogopa ni mwaka wake wa tatu wa kujitolea katika sekondari ya kata huku Gendabi, bila ajira. Mkuu wa shule alimwambia wazi: mthibiti ubora wa shule akija kukukagua na kuridhika na kipindi chako, bodi inakupa mkataba, asiporidhika, fungasha urudi kwenu Dongobesh. Na mthibiti mwenyewe, Bwana Renatus, sifa yake ilimtangulia. Mwalimu wa Kiingereza akiponyokwa na neno moja tu la Kiswahili darasani, kalamu nyekundu inatoka mfukoni.

Siku ilipofika, Renatus alikaa dawati la nyuma, uso mkavu. Kwenye habari waliyokuwa wakisoma kidato cha pili kulikuwa na kitenzi “convulse”. Darasa zima likamkodolea mwalimu macho. Letisia akaeleza kwa Kiingereza chepesi kwamba mgonjwa hufanya hivyo, ardhi hufanya hivyo, hata mtu aliyezidiwa na kicheko. Akatikisa meza mpaka chaki zikamwagika. Akajishika mbavu, akacheka peke yake. Wapi! Sulle, wa dawati la mbele, akauliza kwa heshima zote, “Madam, is it to dance?”

Basi, liwalo na liwe. Letisia akajilaza sakafuni na gauni lake la Jumapili, akarusha mikono na miguu, mwili mzima ukitetemeka kama wa mtu aliyeshikwa na degedege.

Saa hiyohiyo Bibi Scolastica, mpishi wa shule, alikuwa akipita nje na debe la maharage ya jikoni. Akachungulia dirishani. Debe likaenda chini, na kabla maharage hayajamaliza kutawanyika bibi alikuwa ndani, amesukuma madawati, amemgeuza mwalimu ubavu na kumwekea kitenge chini ya kichwa.

“Mtu asimtie kijiko mdomoni!” alifoka, ingawa hakuna aliyekuwa na kijiko.

Letisia alitupa jicho nyuma. Kalamu nyekundu ilikuwa imeshatoka.

“I am fine, grandmother,” alisema taratibu. “I am teaching.”

“Anapayuka!” Bibi akamkandamiza bega asiinuke. “Baba yake namjua, wa Dongobesh, watu wa adabu kabisa. Sasa haya anaongea nini? Na shikamoo hajanipa! Hali yake mbaya huyu. Kijana, kimbia kaite pikipiki, apelekwe zahanati!”

Sulle akasimama, akamtazama bibi, akamtazama mwalimu, asijue amtii nani. Letisia akazidi kujieleza kwa Kiingereza, na kila neno lilivyozidi kunyooka ndivyo bibi alivyozidi kuamini kuwa mtoto wa watu anakwenda. Kisha tone la moto likamwangukia Letisia shavuni. Bibi Scolastica alikuwa analia. Alikuwa analia kweli, kwa ajili yake, na Letisia akaona aibu mpaka kwenye mifupa. Mkataba na uende zake.

“Shikamoo, bibi,” alisema.

“Marahaba, mwanangu.” Bibi akashusha pumzi. “Amerudi.”

Hapo ikasikika kelele nyuma. Renatus alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati, mabega yanaruka, faili lipo chini, machozi yanamtiririka, na dawati lenyewe linagonga ukuta.

“Na huyu naye!” Bibi akaruka. “Leteni kitenge kingine!”

Sulle, ambaye tangu Januari hakuwahi kunyoosha kidole kujibu swali, alinyoosha mikono miwili. “Madam! The inspector is convulsing!”

“With what?” Renatus aliuliza kwa shida.

“With laughter, sir!” wakajibu wote, na wao pia hawajiwezi.

Renatus aliokota faili, akajifuta macho. Letisia alisimama mbele yake, vumbi kichwani.

“Neno la Kiswahili limetumika,” mthibiti alisema, kwa Kiswahili. “Shikamoo. Ungeninyima sababu ya kukubakiza kama usingelitoa.” Akairudisha kalamu nyekundu mfukoni, akaandika kwa ya bluu.

“Kwa hiyo anabaki?” Bibi aliuliza.

“Mimi nimependekeza abaki, bibi.” Kisha akakumbuka, akainamisha kichwa haraka. “Shikamoo.”

“Marahaba. Nilikuwa nakungojea wewe tu.” Bibi akakunja kitenge chake. “Kesho namletea maziwa. Ugonjwa huu wa Kiingereza unaweza kumrudia.”

Letisia hakubisha. Alitoka nje na darasa zima, wakaokota maharage.