Amri Niliyoibadilisha Jina

Mwaka ule wa 1987 nilichoka tangu Januari, kompyuta ilipoletwa katika ghala letu la kahawa, Changamwe. Mchwa walikuwa wamelila daftari la wafanyakazi, nami nikaagizwa kuingiza kwenye mashine miaka ya utumishi ya watu mia mbili, nikiokoteza kutoka kwenye vipande. Nilipomaliza, karani mwenzangu Nicanor akataka kusafisha disketi. Akaandika FORMAT, amri ya kufuta kila kitu, akasahau kutaja disketi. Mashine ikajifuta yenyewe. Nikaanza upya, wiki tano nyingine.

Safari ya pili nikajihami. Amri halisi niliibadilisha jina, na mahali pake nikaweka FORMAT yangu, isiyogusa ila disketi. Jina jipya lilinifurahisha mno: SHIKAMOO. Miaka minne Nicanor hajaingia mlangoni akamwamkia mtu, kwa hiyo neno hilo vidole vyake havingeligusa. Disketi zangu za akiba alikwisha kuzifuta zote, na mimi sikuwa na nguvu za kugombana.

Mzee Khatibu wa stoo alistaafu mwezi wa Julai. Alikuja kutoka Bofu, kanzu imepigwa pasi, kuchukua barua ya miaka yake thelathini na mmoja. Bila barua hiyo makao makuu yasingemtambua. Nicanor alikuwa amekwenda kuleta karatasi za printa.

"Mwanatumu mwanangu, miaka yangu yote imo humu?"

"Yote, Mzee."

"Basi yanijua kuliko wanangu. Nami nikiiandikia neno, itakasirika?"

"Andika ulitakalo. Nimeilinda," nikasema, nikalaza kichwa mezani. Nikamwelekeza kitufe cha kumalizia.

Alizitafuta herufi kwa kidole kimoja, moja moja.

"Imeitikia!" akasema kwa furaha. "Kwa Kizungu, lakini. Nami nibonyeze tena?"

"Bonyeza, Mzee." Macho nimeyafumba.

Mashine ikaanza kukwaruza. Mlio ule niliujua. Nikaruka.

"Umeandika nini?"

"Nimeiamkia. Si yajua umri wangu wote? Huyo ni mkubwa wangu, wallahi."

Nilichomoa waya. Nilipouchomeka tena, halikuwamo jina la mtu hata mmoja. Nilimkasirikia yule mzee, Mungu anisamehe, kisha nikajichukia mwenyewe.

Nicanor akaingia, kimya kama kawaida yake, akaweka karatasi mezani. Mzee Khatibu akanyoosha mikono yote miwili kuipokea barua yake.