Kuku Aliyevalishwa Koti

Mzee Masele alishatoa neno lake, na neno la Mzee Masele si ndama, likishatoka zizini halirudi. Kibaraza cha mbele ya nyumba yake, pale Majimoto, kinatazama barabara wanakopita bodaboda kutwa nzima. Muuza vipuri alikuwa anakitaka. Hana, binti yake aliyemaliza chuo mwaka jana, naye alikuwa anakitaka. Alitaka kukaangia hapo kuku wale wenye ganda linalolia kwachu mdomoni, kama aliowazoea alipokuwa anasoma Dodoma.

"Nipikie Jumapili," baba yake alimwambia. "Nikila kipande kimoja, nikaongeza cha pili kwa hiari yangu, kibaraza chako. Nisipoongeza, Jumatatu mwenye vipuri anaingia."

Tatizo ni kwamba Hana hakuwahi kukaanga kuku wa namna hiyo hata siku moja. Alikuwa na shahada ya maendeleo ya jamii, video nne kwenye simu, na imani kwamba ukiwa na nia njema hata mafuta yatakuelewa.

Mafuta hayakumwelewa. Alilizungusha paja la jogoo kwenye unga wa ngano, akalitumbukiza kwenye karai lililokuwa linafuka moshi. Kufumba na kufumbua likawa na rangi ya kahawa. Mama yake, Theopista, akalichoma kisu. Damu ikatoka.

"Limevaa vizuri," mama alisema. "Ila bado halijafa."

"Kwenye video walikaanga hivi hivi, mama."

"Wao walikuwa na kuku wa wiki sita. Jogoo huyu anatuamsha tangu wewe uko mwaka wa pili. Mchemshe kwanza, ndiyo umvalishe nguo za harusi."

Hana akamchemsha kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu mpaka nyama ikalainika bila kuachia mfupa. Ilipopoa akailoweka kwenye mtindi wa ng'ombe wao wenyewe. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, hakosi la kusema.

"Kuku wote niliowaona wanaogeshwa maji ya moto. Wa kuoga maziwa ndiyo namwona leo."

"Mtindi unashika unga, mama."

"Sijabisha. Nina wivu tu."

Hana akanyunyiza mtindi kidogo kwenye unga, akaufikicha kwa vidole ufanye vidonge vidonge, kisha akaukandamiza kwenye kila kipande mpaka nyama isionekane. Alipunguza mkaa. Alidondosha kidonge cha unga kwenye mafuta, kikazama, kikaibuka taratibu kikitoa mapovu, naye akajua moto umekubali. Alikaanga vipande vitatu vitatu, akaviweka juu ya chekeche la waya. Mama akanyoosha mkono na mfuniko.

"Usifunike, mama. Vitatoka jasho, vilainike."

"Chakula kinakaa uchi? Mgeni atasema nini?"

"Mgeni ni baba peke yake."

"Huyo ana maneno kuliko wageni."

Mchana wakakaa mkekani, sinia katikati. Mzee Masele alinawa, akaliangalia lile sinia. Katika nyumba ile kila kipande cha kuku kina mwenyewe. Firigisi ni ya baba, tangu siku ya ndoa. Mgongo wa mama. Vipapatio vya watoto. Leo vyote vimevaa koti moja.

"Mama Hana, yangu iko wapi?"

Firigisi Hana aliivalisha kwa mikono yake mwenyewe, lakini sasa hakuweza kuitofautisha na vipande vidogo vya kidari.

"Imo humo humo, baba."

Mzee akachukua kipande cha mviringo. Kwachu. Kidari. Akatafuna, akameza, akachukua kingine. Kidari tena. Cha tatu kikawa shingo. Baba yake alipomaliza cha nne, alinyanyua uso akamtazama mkewe, ambaye alikuwa anatafuna polepole, macho ameyafumba.

"Mama Hana, unakula nini?"

"Sijui. Hakina mfupa. Kinavutika kidogo, halafu kitamu." Akameza. "Miaka thelathini na moja nakupikia kitu hiki, Baba Hana, na hukuwahi kuniambia kina ladha gani."

Kicheko kikamtokea Mzee Masele puani.

"Umekula haki yangu."

"Haikuandikwa jina. Na umeongeza mara tatu, nimekuona. Kibaraza kimepata mwenyewe."

Hana angenyamaza tu. Mtu mwingine angenyamaza. Lakini roho yake haikuumbwa hivyo.

"Hapana, mama," alisema. "Baba alisema kwa hiari. Yeye alikuwa anatafuta firigisi. Hiyo haihesabiki."

Mama akamtazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyekata kamba halafu akajirudisha mwenyewe kwenye kigingi.

"Huko chuo walikufundisha nini nyie?"

Mzee alijipangusa vidole kimoja kimoja. Kwenye sinia vilibaki vipande vitatu, na sasa wote watatu walijua firigisi haimo. Akainama, akapitisha mkono juu yake bila haraka, akachukua kipapatio, kipande ambacho tangu Hana azaliwe hakijawahi kufika mkononi mwa baba yake.

"Hapa sitafuti kitu," alisema, akauma.

Ganda likalia. Alikula mpaka ncha ya kipapatio, akaunyonya mfupa, akautazama kwa mshangao kidogo. Halafu, mdomo bado umejaa, akamwambia binti yake ampigie simu yule wa vipuri, amwambie asijisumbue kuja kesho.